Asiyejua Maana Haambiwi Maana: Deni la Mwenye Kusema

Methali hii husemwa zaidi na mtu aliyekwisha kuchoka. Mzee kamuonya kijana mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kijana yuko vilevile. Mzee ananyanyuka mkekani, anakung'uta kanzu yake, anasema: asiyejua maana haambiwi maana. Mazungumzo yamekwisha. Au shoga kamfumbia shoga yake neno, naye akacheka na wenzake bila kutambua kwamba anayesemwa ni yeye. Waliobaki wanatazamana, na mmoja wao anaimalizia shughuli kwa methali hiyohiyo. Kwa matumizi ya namna hii methali imekuwa njia ya kumkatia mtu tamaa: huyu tumuache, hafundishiki.

Nadhani tumeidhulumu. Ndani yake mna fikra nzito juu ya lugha, akili na wajibu wa watu wanaosemezana, na uzito wa fikra hiyo unamwangukia msemaji kuliko anavyopenda kukubali.

Tuanze kwa kuitazama pamoja na ndugu zake. Sikio la kufa halisikii dawa inamlaumu msikilizaji waziwazi: kaambiwa, kasikia, kakataa. Mwenye macho haambiwi tazama inamsifu, kwa kuwa anaona mwenyewe bila kuonyeshwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua inawagawa watu mafungu mawili na kuwaacha hapo. Methali yetu imejitenga kidogo na hizo zote. Haisemi kwamba mtu huyu hasikii, wala kwamba hataki, wala kwamba ni mjinga. Inasema amekosa kitu kimoja tu, maana.

Kisha kuna hilo neno haambiwi, ambalo lina njia mbili. Tukisema mkubwa hatukanwi, tunaweka sheria: kumtukana kunawezekana, ila hakufai. Tukisema maji hayapandi mlima, hatumkatazi mtu jambo lolote, tunaeleza hali ya ulimwengu ilivyo. Wanaoitumia methali yetu kwa dharau huichukua kwa njia ya kwanza: asiyejua maana asiambiwe, ni kupoteza muda. Mimi naichukua kwa njia ya pili. Asiyejua maana hawezi kuambiwa maana, hata ukipaza sauti, hata ukirudia mara mia. Kinywa kimefunguka, sauti imefika sikioni, lakini kuambiwa kwenyewe hakujatokea. Maana si mzigo wa kushushwa begani kwa mmoja ukatwikwa mwingine. Msikilizaji huijenga mwenyewe kwa vitu alivyo navyo kichwani, na asipokuwa navyo, maneno hayana pa kushika.

Hapo linazuka swali gumu. Ikiwa asiyejua maana hawezi kuambiwa, ni nani basi aliyewahi kufundishwa? Sote tulizaliwa hatujui maana ya neno hata moja. Swali hili lilimshughulisha mwanafalsafa Plato wa Athene katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kiitwacho Meno, mtu mwenye jina hilo anamuuliza mwanafalsafa Socrates: utakitafutaje kitu usichokijua kabisa, na hata ukikutana nacho, utajuaje kwamba ndicho? Socrates anajibu kwa kitendo. Anaomba aitwe kijana mtumwa wa nyumba ya Meno, ambaye hajawahi kusomeshwa hisabati. Anachora mraba wenye upande wa futi 2, ambao eneo lake ni 4, halafu anamtaka kijana atafute mraba wenye eneo mara mbili yake, yaani 8. Kijana anajibu upesi kwamba upande nao uongezwe mara mbili, uwe 4. Wanahesabu, wanapata 16. Anajaribu 3, wanapata 9. Sasa amekwama na anajua kwamba amekwama. Socrates anachora mstari wa pembe kwa pembe, anaendelea kuuliza, na kijana anaona mwenyewe kwamba mraba unaosimama juu ya mstari ule ndio wa 8.

Plato alihitimisha kwamba roho hukumbuka mambo iliyoyajua kabla ya kuzaliwa, na wanafalsafa wamebishana juu ya hitimisho hilo kwa karne nyingi. Kwangu mimi jambo kubwa limo katika sentensi ambayo wasomaji wengi huipita. Kabla ya kuchora chochote, Socrates alimuuliza Meno: kijana huyu ni Mgiriki, anazungumza lugha yetu? Meno akajibu kwamba ndiyo, kazaliwa nyumbani kwake. Baada ya jibu hilo ndipo somo likaanza. Kijana hakuwa na hisabati, lakini alikuwa na maneno ya nyumbani: mbili, mara mbili, mstari, kubwa kuliko. Maana mpya ilijengwa juu ya maana kuukuu, na maana kuukuu ilikuwa imehifadhiwa katika lugha aliyokulia. Swali la Meno linajibiwa hivyo. Hakuna mtu asiyejua maana yoyote. Kila mtu ana maana fulani, na mwalimu anatakiwa aanzie hapo.

Je, mtu asiye na lugha kabisa? Helen Keller alizaliwa mwaka 1880 Tuscumbia, katika jimbo la Alabama nchini Marekani. Hajatimiza miaka miwili, maradhi yakamwacha haoni wala hasikii. Machi 1887 akaletewa mwalimu, Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa dhaifu. Sullivan alimpa mtoto yule mwanasesere mkononi, kisha akamwandikia jina lake kiganjani kwa alama za vidole, herufi moja moja. Helen akaziiga mara moja. Wiki zikapita akiandika maneno kwa vidole vyake, wala hakujua kwamba hayo ni maneno, wala kwamba duniani kuna kitu kinachoitwa neno. Alishindwa hata kutenganisha jina la kikombe na jina la maji yaliyomo ndani yake. Alikuwa akiambiwa kutwa kucha, na kwa kipimo cha methali yetu, alikuwa hajaambiwa.

Tarehe 5 Aprili 1887 Sullivan alimpeleka kwenye pampu ya maji. Maji baridi yakamwagika juu ya mkono mmoja wa mtoto, na katika mkono wa pili mwalimu akaandika neno la maji, kwanza polepole, kisha haraka. Helen akasimama kimya, fikra zake zote zikiwa kwenye vidole vile. Hapo ndipo alipotambua kwamba kile kinachoandikwa huku ni jina la hiki kinachotiririka huku. Akataka jina la kila alichokigusa, na saa chache baadaye alikuwa na maneno mapya 30.

Kuna jambo lililotokea siku ileile ambalo naliona zito kuliko maneno hayo 30. Kabla ya kwenda pampuni, Helen alikuwa amekasirika, akambamiza mwanasesere wake sakafuni, akavunjika vipande. Alieleza baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1903, kwamba wakati ule hakuona huzuni wala majuto. Aliporudi ndani na lile neno lake la kwanza, akapapasa mpaka mahali vipande vilipo, akavikusanya, akajaribu kuviunganisha. Havikuungana. Machozi yakamlenga, na kwa mara ya kwanza maishani akajuta.

Majuto yanahitaji akili ishike kitu ambacho hakipo tena, yaani mwanasesere aliyekuwa mzima, na ikishike pamoja na mimi niliyemvunja. Jina humwezesha mtu kukikamata kitu kilichokwisha kutoweka mbele yake. Katika siku moja mtoto yule alipata majina ya vitu, na kwa majina hayo akapata njia ya kuhukumu matendo yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba lugha na maadili havikai mbalimbali. Anayemnyima mtu lugha anamnyima pia sehemu ya dhamiri yake.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alilieleza jambo hili kwa njia nyingine. Alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 37, na kitabu chake juu ya fikra na lugha kikatoka mwaka huohuo. Msikilize mtoto wa miaka minne anayejenga nyumba ya mchanga peke yake: hiki hapa, hapana, kinaanguka, ngoja niweke hiki kwanza. Wapo waliodhani kwamba mazungumzo hayo ya peke yake ni utoto tu, na kwamba hufifia mtoto anapokua. Vygotsky alisema hayafifii, yanaingia ndani. Mtoto husemeshwa kwanza na wengine, kisha hujisemesha kwa sauti, mwishowe hujisemesha kimyakimya, na huko kujisemesha ndani ndiko sehemu kubwa ya kufikiri kwetu. Ukifuata hoja hiyo, hata ile sauti inayokukataza usichukue kisicho chako iliwahi kuwa sauti ya mtu, mama au bibi, kabla haijawa yako. Lugha waliyokusemesha ndiyo unayojisemeshea.

Tukio la Nicaragua linaisogeza hoja mbele zaidi. Hadi miaka ya 1970 watoto viziwi wa nchi ile waliishi majumbani, wakielewana na ndugu zao kwa ishara chache za kubuni. Shule zilipofunguliwa mjini Managua na watoto hao wakakusanywa pamoja, walimu waliwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, na mafanikio yalikuwa haba. Wenyewe kwa wenyewe, uwanjani na ndani ya mabasi ya shule, watoto wakaunda lugha yao ya alama, na kila kundi la wadogo lililofuata likaikuza. Mwaka 2009 Jennie Pyers na Ann Senghas walichapisha matokeo ya kulinganisha kundi la kwanza, waliokwisha kuwa watu wazima, na wadogo zao. Kundi la kwanza lilikuwa na alama chache za kusema kuwaza, kujua na kudhani. Walipewa mtihani wa namna hii: mtu kaficha kitu, katoka, mwenzake kakihamisha, akirudi atakitafuta wapi? Wakubwa wengi walikosea, wadogo wakapata. Miaka miwili baada ya mtihani huo wakubwa walikuwa wamejifunza kwa wadogo zao zile alama za kuwaza na kudhani, na sasa nao walipata.

Hebu tuipeleke habari hiyo kwenye methali yetu. Kutambua kwamba kichwani mwa mwenzangu mna picha iliyo tofauti na yangu ni fikra ambayo lugha husaidia kuizaa. Basi mtu anayesema nimeshamwambia, bila kujiuliza mwenzake alikuwa na nini kichwani wakati wa kuambiwa, huyo ndiye wa kwanza kutojua maana. Methali aliyomtupia mwenzake inamrudia mwenyewe.

Sisemi kwamba pasipo maneno hakuna fikra. Mtoto mchanga hutambua sura ya mama yake kabla hajajua kumuita. Seremala hufumba jicho moja, akautazama ubao kwa mbali, akajua umepinda wapi. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza walichapisha habari za wanaume watatu ambao ubongo wao ulikuwa umeumia hata wakapoteza sarufi: ukigeuza sentensi hawajui tena nani kamtenda nani. Wanaume hao hao waliweza kujumlisha, kutoa na kugawanya, na walijua kwamba ukigeuza nafasi za namba katika kutoa, jibu nalo hugeuka. Kufikiri kuna vyumba vingi, na lugha haikai katika vyote.

Naona methali imeliona hilo. Haikusema asiyejua neno, imesema asiyejua maana. Maana huanza katika maisha, katika kugusa, kuona, kufanya na kukosea. Neno huja kuikamata, likaipa jina, likaifanya iweze kukumbukwa, kubishaniwa na kupelekwa kwa mtu mwingine. Mahali maana na neno vinapokutana, fikra hukua. Neno likija peke yake, kama vidole vya Helen kabla ya pampu, tunapata mwigo usio na kitu ndani.

Hapa ndipo falsafa ya methali inapogeuka kuwa wajibu, na wajibu huo uko karibu nasi sana. Katika dirisha la dawa la zahanati zetu mgonjwa hupewa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu 1×3. Kwa mtoa dawa maana iko wazi: kidonge kimoja kutwa mara tatu. Mama aliyeipokea anaweza kusoma moja na tatu akameza vitatu kwa mkupuo, au akameza siku mbili, akaona nafuu, akaviweka vilivyobaki kabatini vimsubiri mtoto atakapougua. Tukiliona kosa lake tunasema hawa watu hawaelekezeki. Lakini yuko mtoa dawa mwingine, mwenye foleni ndefu vilevile, ambaye hutoa dakika moja zaidi: "Mama, hiki utameza asubuhi ukishakunywa chai, hiki mchana ukishakula, na hiki usiku. Hata ukijiona umepona, endelea mpaka viishe. Haya, hebu nielezee na wewe, utavimezaje?" Swali lile la mwisho ndilo linalopima kama kuambiwa kumetokea. Lisipoulizwa, mtoa dawa hajui kama amesema na mtu au amesema peke yake.

Wajibu huo ni mzito zaidi darasani. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule ya msingi mwaka 1967. Hadi leo mtoto wa shule ya serikali akivuka kwenda kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba kueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, sasa ananyamaza. Mwalimu anajaza ubao, wanafunzi wananakili. Akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia kwa sauti moja kwamba ndiyo. Usiku wanabukua, kwenye mtihani wanayamwaga yaliyobukuliwa, na wiki ya pili yamekwisha kichwani. Vijana hawa si wazito wa akili. Wanafanyiwa lile lililokuwa likimpata Helen kabla ya pampu: vidole vinaandika, maana haijafika.

Tume ya elimu ya Tanzania, iliyojulikana kama Tume ya Makweta, ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo vikuu. Serikali ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawamudu kufuata masomo kwa lugha hiyo. Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi ilikuwa dhaifu zamani, na ikadhoofika zaidi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sina ugomvi na Kiingereza. Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, kama somo. Ninachodai ni lile swali la Socrates juu ya lugha ya mwanafunzi liulizwe kabla ya somo, kwa uaminifu, na jibu lake lifuatwe.

Na dai hilo halikipendelei Kiswahili. Mtoto wa Kimasai au wa Kidatoga anayekisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza darasa la kwanza yuko pale alipo mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya Kiingereza. Sisi tunaokipenda Kiswahili tusimfanyie yeye tunalolilalamikia kwa watoto wetu. Mwalimu anayejua hata maneno machache ya lugha ya mtoto yule, akayatumia wiki za mwanzo kumvusha, ameielewa methali kuliko anayemchapa kwa kutojibu.

Msikilizaji naye ana wajibu wake, na haki haitimii tukiuacha. Kuuliza si ujinga, walisema wazee waliotuachia methali zote mbili, na hizi mbili zinahitajiana: ya kwanza inaeleza pengo lilipo, ya pili inaonyesha pa kuvukia. Wengi wetu huitikia kwa kichwa jambo tusilolielewa, kwa kumstahi mkubwa au kwa kuogopa kuchekwa. Anayeitikia hivyo anamdanganya msemaji na kujidhulumu mwenyewe, kwa sababu amekiziba kitu pekee ambacho msemaji angeweza kukitumia kumfikia, yaani ule mpaka kati ya anachojua na asichojua. Yule kijana wa Meno alianza kufundishika pale alipokiri kwamba hajui. Lakini kukiri huko hutokea mahali ambapo anayekiri hachekwi, na kupatengeneza mahali hapo ni kazi ya mwalimu, mzazi, daktari, hakimu na kiongozi kabla ya kuwa kazi ya mnyonge anayewasikiliza.

Tunaweza sasa kusema funzo la methali hii kwa ukamilifu. Aliyeambiwa akaelewa anaweza kulieleza neno kwa maneno yake, analibishia, na analitumia mahali ambapo hukumfundisha kulitumia. Hicho ndicho kipimo, wala hakina mbadala katika kuitikia, kunakili au kukariri. Mwenzako akikishindwa, usimtupie methali ukaondoka. Rudi ukatafute ni maana gani anayo tayari na anaifikiria kwa lugha ipi, uanzie hapo. Mpaka utakapofanya hivyo hujamwambia bado, na deni la kumwambia lingali juu yako.